Kijito Kilichopimwa Wakati wa Matanga

Ninyi mtakaolipokea lile sanduku la bluu lenye vyupa: mimi ndiye niliyeandika USIOSHE KWA SABUNI kwenye kifuniko, kwa wino usiofutika, tena mara mbili. Mtacheka. Chekeni, lakini msioshe kwa sabuni.

Hapa Kitendaguro wananiita mstaafu. Nina miaka thelathini na mbili. Mradi wetu wa kupima maji ya vijito na mabwawa ulipofungwa, ofisini waliagana nasi kwa keki na soda, mkuu wetu akatoa hotuba ya kutushukuru kwa utumishi, na mama alipoona picha kwenye simu akauliza kama nimepewa na saa ya ukutani. Miaka sita niliingia kwenye vijito vya Bukoba na Muleba nikiwa na buti za mpira zinazovuja mguu wa kushoto. Sasa napalilia migomba ya kibanjani kwetu na kufikiri. Kufikiri ndiko ninakokuweza zaidi. Ma Skola, mama aliyenifundisha kazi hii, alizoea kusema kwamba mimi nikiulizwa swali la ndiyo au hapana narudi na kurasa nne.

Naandika kwa sababu nimeacha kazi moja katikati, kwenye bonde moja la Muleba, na kuna mtu anaingojea imalizwe. Kosa lililoizaa kazi hiyo ni langu. Niliandika kwamba kijito cha bonde lile ni kizima, nikatia saini, na kwa saini yangu kijiji kikakaribia kufyeka mafunjo yake ya mwisho. Nitaeleza. Ila nikianza hapo hamtaelewa jinsi mtu aliyefundishwa vizuri namna ile alivyokosea, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mwezi wangu wa kwanza nilipima kijito kimoja upande wa Buhembe nikakuta fosforasi nyingi kupita kiasi. Ninyi mmesoma, mnajua maana yake: mbolea ikiingia majini, mwani unastawi, unakufa, unaoza, na unapooza unavuta hewa ambayo samaki wangeivuta. Akilini nikaona ziwa zima limekuwa kijani. Nikaona wavuvi wamekaa ufukweni hawana kazi. Nikaandika ripoti, nikashindwa kula mchana, nikampelekea Ma Skola.

Ma Skola alikuwa fundi wa maabara, umri unakaribia sitini, mama mfupi mwenye kitenge kilichofungwa juu ya suruali na buti. Hakusoma ripoti. Alichukua chupa, akafungua, akanusa.

"Mwana wange," akasema, "hiki kijito kinanukia limau."

Nikanusa. Kweli.

"Umeiosha na nini?"

"Sabuni ya unga. Mara mbili, ili iwe safi kabisa."

"Basi umepima ufuaji wa kwenu. Nenda kawaambie wafue kwa sabuni kidogo, wanaharibu ziwa."

Chupa huoshwa kwa maji ya kijito kilekile unachokwenda kupima, mara tatu, na maji ya kuoshea unayamwaga nyuma yako, siyo mbele. Unasimama ukiutazama upande maji yanakotoka, ili tope unalolitifua kwa miguu liende zake. Hayo nimeyaandika pia ndani ya daftari la kijani, ukurasa wa kwanza. Kama daftari limepotea, mtayakuta hapa.

Jambo ambalo daftari halina, maana nililiona dogo, ni hili: usishuke kwenye maji ya watu kabla hujapanda kuwasalimu wenye nyumba za juu yake. Ma Skola hakuwahi kuvunja kanuni hii hata mvua ikiwa inakuja. Tulipanda, tukakaa, tukaletewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukatafuna, tukaulizwa habari za Bukoba. Mimi moyoni nilikuwa nahesabu dakika, kwa sababu barafu kwenye sanduku huyeyuka. Siku moja nilimnong'oneza kwamba tunachelewa.

"Tunachelewa wapi?" akasema kwa sauti, wenyeji wakisikia. "Maji yale yamepita hapa kabla hatujazaliwa. Haya, waambie hawa umekuja kufanya nini."

Na wenyeji huanza kusema wenyewe. Jirani amefungua bustani ya kabichi hatua kumi kutoka majini. Vyura hawalii tena upande ule. Kuna mtu anaosha bomba la dawa pale watoto wanapochota. Nusu ya kipimo huipata juu kibanjani, kinywani mwako mna uchungu wa kahawa, kabla hujaloa.

Halafu beseni. Msije mkalidharau lile beseni jeupe kwa sababu halina betri. Mimi nilianza kwa kulionea aibu. Nilikuwa na kipimo cha umeme chenye kioo, unakitumbukiza, kinakupa namba ya hewa iliyomo majini, namba ya chumvi, namba ya uchachu. Miaka ya mwisho tuliletewa hata simu ya kupiga picha za wadudu ikakuambia majina yao, ingawa mara moja iliita kipande cha kuni mamba. Ma Skola yeye aliweka wavu mdogo chini, akapiga mawe teke kwa kisigino juu kidogo ya wavu, akamwaga kilichonaswa kwenye beseni, akachuchumaa akangoja. Maji yakitulia wanaanza kutembea: wale wadogo wenye mikia mitatu, watoto wa kereng'ende wenye sura ya kugomba, wengine waliojijengea vijumba vya mchanga.

"Hawa wa mikia mitatu hawataki uchafu," alinifundisha. "Wakiwepo, kaa utulie. Wakikosekana, na umebaki na minyoo myekundu peke yao, usifurahi kwamba kuna uhai. Wale wekundu wanaishi hata chooni."

"Lakini kipimo kinasema maji mazuri," nilimwambia siku moja tukiwa Nshambya.

"Chupa na kipimo chako vinajua maji ya saa hii. Hawa wanajua ya mwezi mzima, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda."

Niliyaandika maneno hayo. Nikayapigia mstari. Ndiyo maana nasema nilifundishwa vizuri.

Sasa Muleba.

Bonde lenyewe ni jembamba, vibanja juu pande zote mbili, chini kijito. Zamani, walivyotuambia, chini kote kulikuwa mafunjo. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba watu walishuka. Huwezi kumlaumu mtu ambaye ndizi zake zinaoza mkunguni. Walilima nyanya na kabichi, na nyanya ya bondeni haikubali kukua bila dawa. Sheria ya mita sitini kutoka kwenye maji kila mtu anaijua, ila kila mtu anaipima kwa hatua zake. Kikabaki kipande kimoja cha mafunjo, katikati ya bonde, na chini yake tu mabwawa mawili ya samaki ya Ta Novati.

Ta Novati ni mzee mrefu, mpole, ambaye hucheka kabla ya kusema jambo baya. Alifuga sato. Muziro wa ukoo wao, mnyama wao wa mwiko, ni kamongo, yule samaki wa matopeni: hawamli, hawamuui. Sasa kamongo hutoka kwenye mafunjo, akaingia bwawani akala vifaranga vya sato, na Ta Novati akimnasa humbeba kwa kikapu akamrudisha kwenye mafunjo yaleyale.

"Mwizi huyu ni ndugu yangu," aliniambia. "Nimpeleke polisi?"

Ila kwa mwaka mmoja kamongo hakuwa tena tatizo lake. Sato walikuwa wanakufa. Si wote, si kila siku. Asubuhi anakuta kumi wanaelea, wiki ijayo hakuna, wiki ya tatu bwawa limejaa matumbo meupe. Alikuwa na hakika ni dawa za bustani za juu. Wenye bustani walikuwa na hakika ni wivu. Wakati huohuo kikundi chao kiliomba serikali ya kijiji iwaruhusu kulima na kile kipande cha mafunjo, maana yale, walisema, si mto, ni majani tu. Ta Novati akapinga: mafunjo ndiyo yanayomchujia kidogo, yakifyekwa atapokea kila kitu moja kwa moja. Mwenyekiti akasema mkutano utaamua baada ya wataalamu kupima maji.

Mtaalamu nikawa mimi, peke yangu, kwa sababu Ma Skola alikuwa ameng'olewa jino shavu likavimba, akapewa mapumziko.

Nilifika nikapanda kwa Ta Novati kama nilivyofundishwa. Nyumba imefungwa. Nikapanda ya pili, imefungwa. Nikasikia nyimbo za kanisani, nikazifuata. Kulikuwa na matanga. Mzee wao mmoja, Leopoldi, alizikwa juzi yake. Nikavua kofia, nikatoa rambirambi, nikakaa kwenye nyasi pamoja na akina mama, nikala ndizi na maharage. Ta Novati akaniona, akaja akainama karibu nami.

"Umekuja kupima? Leo hii?"

"Leo ndiyo siku yenye gari, Ta Novati."

Akanitazama. Akacheka kidogo. Nilidhani amefurahi. Mtu hawezi kuanza kubishana habari za mabwawa kwenye matanga ya jirani yake, mbele ya watu anaogombana nao, ambao siku ile wamekaa naye nyasi moja. Akarudi kwa wenzake.

Nikashuka. Bonde lilikuwa tulivu, zuri kiasi cha kuogopesha. Korongo wawili wenye taji walikuwa wanatembea katikati ya kabichi kama wakaguzi. Nikaosha vyupa mara tatu. Nikasimama nikiutazama upande maji yanakotoka. Kila namba kwenye kioo ilikuwa nzuri. Nikapiga mawe teke, nikamwaga kwenye beseni, nikachuchumaa nikangoja. Nikapata minyoo myekundu, na wadudu wawili wale wanaokimbia juu ya maji. Wenye mikia mitatu hapana. Kereng'ende hata mmoja hapana.

Hapo ndipo kufikiri kwangu kuliponiponza. Sikulipuuza jambo lile, la hasha. Nililifikiria njia nzima ya kurudi Bukoba. Niliandika sababu saba za wadudu kukosekana: mvua ya wiki iliyopita, kivuli, aina ya mawe, wavu wangu kutoboka, na nyingine ambazo sasa naona aibu kuzitaja. Kwa kuwa sababu zilikuwa saba na zote zinawezekana, nikaona hakuna hata moja ya kusumbua watu nayo. Nikaandika: hali ya maji ni nzuri. Mkuu akasoma, akasaini chini ya saini yangu, karatasi ikaenda.

Ma Skola alirudi kazini shavu bado limevimba upande mmoja. Alikuwa anapitia daftari langu huku anasugua beseni. Akasimama.

"Hapa umeandika 'nilitoa rambirambi'. Nani alifariki?"

"Mzee mmoja wa palepale. Leopoldi."

"Alizikwa lini?"

"Juzi yake."

"Na hapa umeandika 'watu bondeni: hakuna'."

"Hawakuwepo. Walikuwa wote matangani."

Akaweka beseni chini. "Wewe kwenu hamfi?"

"Ma Skola?"

"Nauliza. Kwenu akizikwa mtu, nani anashika jembe kabla matanga hayajaanuliwa?"

Mimi ni Mhaya, nimezaliwa Kitendaguro. Babu alipofariki nilimwona baba akimkemea mjomba kwa sababu tu alikuwa ameokota panga akate jani la mgomba karibu na njia. Hakuna anayelima. Hakuna anayepulizia. Hakuna anayeshuka bondeni kuosha bomba. Siku tatu, nne, kijito kilikuwa kimepita bila mtu kukigusa, kikajisafisha, na mimi nikafika na gari la ofisi siku hiyohiyo nikakipima.

"Mawe!" Ma Skola akamwita mama yake kwa Kihaya, polepole, akishika shavu. "Umempima mgonjwa akiwa usingizini ukaandika hana kikohozi."

Nilitaka kukaa lakini kiti kilikuwa na vyupa.

Nikampigia Ta Novati. Sikujua nianzie wapi, nikamsalimu mara mbili.

"Karatasi yako imefika, mama," akasema. "Imesomwa mbele ya duka. Imesema mimi ni mzushi."

"Haikusema hivyo, Ta Novati."

"Imesema maji ni mazuri. Kijana Audax amenishika mkono akaniambia, pole mzee, sasa tafuta mchawi mwingine. Mkutano ni Jumamosi, jamani waitu. Jumatatu inayofuata wanaingia na mapanga kwenye mafunjo."

Ilikuwa Jumatatu mchana. Nilimwendea mkuu wetu. Sitamsema vibaya, alikuwa na mambo mengi na mradi ulikuwa unafikia mwisho. Alisema karatasi ikishatoka imetoka. Kama nina wasiwasi nichukue sampuli nyingine, nipeleke maabara Mwanza, majibu yakija tutaona. Majibu ya dawa za mimea huchukua wiki kadhaa. Nilimwambia mkutano ni Jumamosi. Akasema mkutano si wetu.

Jumanne tulikwenda, mimi na Ma Skola. Jumatano ni siku ya gulio kule, na kama hamjui, siku moja kabla ya gulio ndiyo siku ya kupulizia nyanya zing'ae. Bonde lilikuwa limejaa. Mabomba mgongoni, redio, vicheko, harufu inayokwaruza koo. Mahali pa kuvukia, Audax, mwenyekiti wa kikundi cha bustani, kijana mwenye meno mazuri na fulana ya timu ya mpira, alikuwa anasuuza bomba lake. Povu jeupe likateremka likaingia kwenye mafunjo.

"Dada mtaalamu! Umerudi? Maji si ulisema mazuri?"

"Nimerudi kuyapima tena."

"Yamekuwa mazuri zaidi, tumeyawekea dawa." Wenzake wakacheka. Halafu, kwa upole kabisa, akaniambia nisikanyage pale bila buti, dawa ile huwasha.

Tulichukua chupa kila baada ya muda, juu ya mafunjo na chini yake. Kisha tukashuka kwa Ta Novati. Alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa bwawa la kwanza, anaziba mfereji wa kuingizia maji kwa kigogo cha mgomba na udongo. Sato walikuwa wamekuja juu wote, midomo nje ya maji, inafunguka na kufunga, mamia ya midomo, bila sauti. Sijawahi kuona kitu kilichonitia hofu kama kile, kwa sababu kilikuwa kimya.

"Nisaidie udongo," akasema. Nikaingiza mikono, nikasaidia udongo.

Nusu ya bwawa lile ilikufa kabla hatujaondoka. Akawazika kwenye shimo la ndizi, hakutaka mtu awale.

Vyupa vile niliviweka kwenye barafu, vikapanda basi la Mwanza asubuhi. Basi likaharibika njiani. Maabara walinipigia kwamba sanduku limefika moto kama sufuria na hawawezi kupokea sampuli ya namna ile. Kwa hiyo ilipofika Jumamosi sikuwa na namba yoyote. Nilikuwa na karatasi moja tu duniani, nayo ilikuwa ya uongo, na ilikuwa na jina langu.

Nilifikiria sana kutokwenda. Nawaambia ili ninyi mkifika hapo mjue kwamba ni kawaida. Nilijiambia mkuu amekataza, ingawa hakukataza. Nilijiambia mkataba wangu. Nilijiambia nikikiri hili, nani ataamini vipimo vyetu vingine vya miaka sita? Hili la mwisho bado sijalipatia jibu. Ma Skola alikuja akanikuta nimekaa na buti mkononi.

"Vaa," akasema. "Au nenda pekupeku, lakini twende."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti aliposoma ajenda ya mafunjo, aliinua karatasi yangu juu ili wote waione. Nikanyoosha mkono. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba karatasi ile si sahihi.

"Paza sauti!"

"Karatasi hii si sahihi. Niliiandika mimi. Nilikosea."

Mama mmoja mnene wa kikundi cha bustani, Ma Justa, akasimama na mtoto mgongoni. "Subiri kwanza. Ulitudanganya lini, binti? Siku ile au leo?"

Uwanja ukacheka. Nikaanza kueleza wadudu wa mikia mitatu. Naomba msirudie kosa hilo. Nilieleza minyoo, nikaeleza hewa majini, nikawaona watu wanatazama viatu vyao. Mtu wa nyuma akauliza kama sasa tunalinda na minyoo. Nikajikuta nimesema tu lililokuwa kweli:

"Nilikipima siku ya matanga ya mzee Leopoldi."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Sikuhitaji kueleza. Kila mtu pale alijua siku ile alikuwa wapi na jembe lake lilikuwa wapi. Ma Justa alikuwa bado amesimama. Akakaa.

"Ee waitu," mzee mmoja akasema. "Huyu amekuja kutupima tukiwa hatupo."

Ndipo wakacheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Audax akasimama. Nilijua atanimaliza.

"Nisiwe mwongo," akasema. "Siku ile bomba langu lilikuwa kavu. La kila mtu lilikuwa kavu. Siku ile Ta Novati, samaki wako walikufa?"

"Hata mmoja," Ta Novati akasema kutoka alipokaa.

Audax akajikuna kichwa. "Sawa. Lakini mtaalamu, na wewe Ta Novati, niambieni. Mgomba umekufa. Nyanya mnasema zinaua. Mimi watoto wangu wale nini, karatasi?"

Mpaka leo sijamjibu. Nilisema tu kwamba bomba linaweza kusuuzwa juu, kwenye shimo, mbali na maji, na kwamba hilo halimnyimi mtu nyanya hata moja. Akasema hilo anaweza. Ma Justa akasema maji ya kusuuzia nani atayapandisha, yeye mgongo una mtoto. Wakabishana nusu saa juu ya ndoo.

Mwishowe mwenyekiti aliamua hivi: mafunjo yasiguswe kwanza. Mabomba yasuuzwe juu. Na wataalamu waje wapime tena, mara tatu, siku za watu kuwa kazini, chupa na wadudu, juu ya mafunjo na chini yake, kisha waje wasome majibu mbele ya wote. Baada ya hapo kijiji kitaamua moja kwa moja.

Watu walipiga makofi. Ma Skola alinipa kahawa ya kutafuna, akaniambia leo nimetumia ukurasa mmoja tu.

Kipimo cha kwanza tulikipanga wiki ya nne. Mradi ulifungwa wiki ya tatu. Ma Skola alistaafu kikwelikweli, yupo kwao, meno yaliyobaki yanamtosha. Mimi niko hapa na jembe. Magari yamerudishwa, sanduku la bluu liko stoo, na nimesikia kwamba mtaajiriwa ninyi, mwaka huu au ujao, inategemea.

Kwa hiyo nawaachia nilichonacho. Chini ya mafunjo kuna jiwe kubwa bapa, simameni hapo. Juu ya mafunjo msisimame mahali pa kuvukia, pana tope la ng'ombe, pandeni mpaka kwenye mti uliolala. Audax atawatania, mtanieni. Ma Justa ana haki kuhusu mgongo wake. Nendeni siku moja kabla ya gulio na siku ya kawaida pia, maana mkienda siku mbaya peke yake mtakuwa mmedanganya kwa upande wa pili, na hilo linanisumbua karibu sawa na lile la kwanza. Barafu wekeni mara mbili ya mnayodhani inatosha. Kama basi likiharibika, shukeni na sanduku, tafuteni gari lingine.

Ta Novati hunipigia. Anasema wengi bado wanapandisha ndoo, wengine wamechoka, na kuna watu wameanza kukata mafunjo ya pembeni kidogokidogo, ya kuezekea banda tu, wanasema. Bwawa moja ameliacha tupu. La pili ameweka vifaranga vipya, kwa sababu, anasema, mkija mtataka kuona samaki hai. Wiki iliyopita aliniuliza tena, "Mama, hao vijana wanakuja lini?"

Nikamwambia mnakuja. Nilishasema ndipo nikakumbuka kwamba sijui.